Kuchagua gongo la kriketi: anza na mlio na uzani, mistari baadaye

Dukani watu huanza kwa kuhesabu mistari ya ubao, na bei nayo hupangwa sana kwa sura hiyo. Kila mstari ni mwaka mmoja wa kukua kwa mti. Mwilo (mti wa “willow” unaotengenezea magongo) wa Uingereza wenye mistari 10 au zaidi iliyobanana huchangamka mapema, ila mara nyingi huwahi kupasuka. Wenye mistari 6 au 7 huchelewa kulainika, kisha hudumu. Weusi wa kiini cha mti pembeni hushusha daraja kwa sababu ya sura tu, kwa hiyo hapo ndipo pa kuokoa pesa. Mwilo wa Kashmir ni mzito na mgumu zaidi, unamfaa anayeanza.

Kinachoamua zaidi ni jinsi ubapa, yaani sehemu pana ya kupigia, ulivyoshindiliwa kiwandani, na hilo macho hayalioni. Omba nyundo ya mbao au mpira wa zamani, ugonge taratibu kutoka chini kwenda juu. Penye uhai nyundo hurudi yenyewe na mlio huwa mkavu. Mlio ukiwa butu na mikono ikatetemeka, ubao umeshindiliwa kupita kiasi, na mafuta ya kitani hayataurekebisha. Ukibonyea kwa pigo dogo, umeshindiliwa kidogo mno.

Kuhusu umbo, sheria tangu Oktoba 2017 zinaruhusu kingo zenye unene usiozidi sm 4 na ubapa wenye unene usiozidi sm 6.7. Kingo nene zinavutia sana, lakini kwa uzani uleule, mbao iliyoachwa kingoni imepunguzwa mahali pengine, au ubao umekaushwa mno na hautadumu. Tazama badala yake ulipo uvimbe wa mgongoni, yaani sehemu nene zaidi ya ubapa. Mpira usiponyanyuka uwanjani, uvimbe uwe chini. Kwenye uwanja mgumu wenye mdundo, uwe juu.

Magongo mengi ya watu wazima yana kilo 1.1 hadi 1.3, ila mizani haisemi yote, kwani uvimbe wa chini huongeza uzito mkononi. Vaa glavu, shika mpini kwa mkono wa juu peke yake, inua kana kwamba unamsubiri mrushaji, hesabu hadi 10. Kitako, yaani ncha ya chini ya gongo, kikianza kushuka, rudisha: mpira mfupi wa kasi utakukuta bado unalivuta. Likikaa imara, kagua kiungo cha mpini na ubapa. Ufa wowote hapo, hata mwembamba, usilinunue.