Kabla hujaandika "iko sawa" chini ya jaribio la kukamata pakiti

Wadogo zangu, Jumanne nilifungua msimbo ambao wawili kati yenu walikuwa wameshaupitisha. Tcpdump, programu inayonakili pakiti (vipande vya data) zinazopita kwenye mtandao, inaanzishwa nyuma, inafuata sleep 5 (subiri sekunde 5), programu ya mteja inatuma trafiki, kill -9 inaiua tcpdump kwa nguvu, kisha swali moja tu: faili la pcap, ambamo pakiti huhifadhiwa, lipo, na ukubwa wake unazidi sifuri? Chini mmeandika "iko sawa". Niliondoka mezani nikasimama dirishani, nikatazama boda za Ntinda, hapa Kampala, zikigombania abiria mpaka moyo ukatulia. Jaribio hilo nalijua. Niliwahi kulipitisha mimi mwenyewe, karibu mstari kwa mstari.

Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa timu yetu ina watu wa Arua, Mbale, Mombasa na Bukoba, na hii ndiyo lugha tunayogombania chai.

1. Acheni sleep. Sekunde 5 zinatosha kwenye laptop yako, lakini kwenye mashine inayoendesha kazi kumi kwa mpigo tcpdump inaweza kuchelewa, na SYN ya kwanza, pakiti inayofungua mawasiliano, ikapita hakuna anayeitazama. Tcpdump ikiwa tayari huandika kwenye stderr, njia ya ujumbe wa makosa na taarifa, kwamba imeanza kusikiliza. Usubirini mstari huo, ndipo mtume trafiki.

2. Ukishika msimbo wa namna hii, swali lako la kwanza liwe: je, kikikamatwa sifuri, jaribio litasema nini?

Hapa nitakaa kidogo. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tunatengeneza programu ya kupeleka taarifa za malipo za SACCO moja, chama cha akiba na mikopo. Sharti kubwa la SACCO hiyo lilikuwa kwamba namba ya simu ya mwanachama isitoke kwenye mashine bila kufungwa kwa TLS, yaani kusimbwa ili asiisome mtu njiani. Mwenzetu akaandika jaribio: kamata kwenye eth0, kiolesura cha mashine cha kwenda mtandaoni, kwa kichujio cha port ya seva yetu, endesha programu ya mteja, kisha tafuta ndani ya pcap herufi 2567, ambazo namba zetu za simu za mkononi za Uganda huanza nazo. Zikionekana, jaribio lifeli. Akaongeza na ulinzi kwamba faili lisiwe tupu. Nililisoma Ijumaa jioni, rolex ya chapati na mayai mkononi, nikiwa na hamu ya kuwahi taxi. Nikamwambia abadilishe majina ya vigezo viwili yasomeke vizuri, akabadilisha, nikapitisha. Nilisahihisha majina, na jambo lenyewe sikuligusa.

Wakati ule programu za mteja na seva zilikuwa kwenye mashine mbili, na jaribio lilifanya kazi yake. Baadaye mashine moja ikahitajika kwingine, zote mbili zikahamishiwa moja. Sasa Linux, ukiiambia izungumze na anwani yake yenyewe, hata ile iliyoandikwa kwenye eth0, haizitoi pakiti nje. Huzipitisha kwenye lo, kiolesura cha ndani cha mashine yenyewe. Kwa hiyo kila usiku tcpdump yetu ilikaa eth0 kama mtu anayesubiri basi kwenye stendi iliyohamishwa, na trafiki yote ikapita upande wa pili.

Na ule ulinzi wa faili tupu? Faili la pcap lisilo na pakiti hata moja bado lina kichwa chake: a1b2c3d4 ya utambulisho, toleo, snaplen (kikomo cha baiti zinazokamatwa kwa kila pakiti), aina ya kiungo. Jumla baiti 24. Ishirini na nne inazidi sifuri, basi faili "si tupu". Ndani yake hakuna 2567, basi "hakuna kilichovuja". Kijani, rangi ya jaribio lililofaulu, usiku baada ya usiku, miezi mitano.

Katika miezi hiyo mtu alibadilisha mpangilio mmoja, njia moja ya kutuma ikabaki bila TLS. Hatukugundua sisi. Aligundua fundi wa upande wa SACCO, aliyekuwa akitafuta chanzo cha mtandao wao kwenda polepole. Alinitumia picha ya skrini yake: majina, namba za simu, salio, vyote vinasomeka kama gazeti. Nilifungua folda ya matokeo nikaandika ls -l, amri inayoonyesha ukubwa wa mafaili kwa baiti. Faili la jana, 24. La juzi, 24. Nikashuka na orodha, 24, 24, 24, safu nzima ya namba moja. Mikono ilikuwa baridi.

Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inataka uvujaji utolewe taarifa mara moja, na taarifa ikatolewa. Kisha tukaenda wenyewe kukaa mbele ya viongozi wa SACCO. Mwenyekiti wao, mama mtu mzima, alisikiliza maelezo yote ya eth0 na lo bila kutukatiza, kisha akauliza, "Wanangu, sasa kila siku mlikuwa mnaangalia nini?" Mwenzetu aliyeandika jaribio alianza kujibu, nikamzuia. Jina lililopitisha msimbo ule lilikuwa langu.

Ndiyo maana nakuwa mkali. Jaribio la kuthibitisha kwamba kitu *hakipo* lianze kwa kukikamata kikiwepo: tuma kwa makusudi pakiti moja isiyofungwa yenye alama unayoijua, ipite njia ile ile, na jaribio lifeli papo hapo isipoonekana. Na hesabuni pakiti, baiti ziacheni.

3. Msimalize tcpdump kwa kill -9, kwa sababu pakiti zilizobaki kwenye bafa, kumbukumbu ya muda, hupotea nayo. SIGINT, ishara ya kuisimamisha kwa utaratibu, inatosha, na -U (andika kila pakiti mara inapofika) ikiwekwa pamoja na -w (hifadhi kwenye faili) ni bora zaidi.

4. Someni idadi ya pakiti zilizoangushwa na kerneli, ile inayotolewa mwishoni. Ikizidi sifuri, matokeo hayo msiyaamini.

5. Ukiona kwenye mashine inayotuma pakiti kubwa kuliko MTU (kikomo cha ukubwa wa pakiti) ya 1500, au checksum (jumla ya kuhakiki data) mbovu, usikimbilie kufungua tiketi. Kadi ya mtandao ndiyo hukata pakiti na kujumlisha checksum, baada ya tcpdump kuona. Kuna mmoja wenu alipoteza siku mbili hapa, namhurumia, mimi nilipoteza wiki.

6. Jaribio linalohesabu maombi ya DNS (maswali ya kutafuta majina na anwani za mtandao) kwa kusoma tcpdump moja kwa moja liwe na -n, inayoizuia kugeuza anwani kuwa majina, la sivyo tcpdump itatafuta majina yenyewe na mtahesabu na maswali yake.

7. Pcap ya wateja halisi isiingie kwenye hazina ya msimbo, hata "kwa muda". Tengenezeni trafiki ya bandia.

Ule msimbo wa Jumanne nimewarudishia. Badilisheni eth0 iwe kiolesura chochote kisichopitisha kitu, endesheni, mnionyeshe rangi inayotoka. Nipo ofisini hadi saa kumi na mbili jioni, njooni na laptop zenu, chai ipo.