Mkwaruzo kwenye transmita ya FM ya gari

Mkuu, muziki wa simu unaorushwa na transmita hadi redio ya gari kuingiliwa na mkwaruzo mara nyingi ni kwa sababu ya stesheni jirani, si ubovu wa transmita. Izime kwanza, kisha tafuta kwenye redio masafa yenye "shhh" tupu, na 0.2 MHz juu na chini yake pawe vilevile. 98.3 ikiwa tupu lakini 98.5 ina stesheni kali, iache. Ukipata, weka namba ileile kwenye transmita na redio. Safari ndefu utatafuta upya, maana masafa matupu mji huu yana mwenyewe mji unaofuata.

Sauti ya simu weka kama asilimia 80, nyingine ongeza kwenye redio. Ikiwa ndogo, redio inakuza na uchafu wote. Ikijaa kabisa, besi inapasuka.

Mlio unaopanda na kushuka na injini ni kitu kingine: unatoka kwenye umeme wa gari, hasa simu ikiwa kwenye chaji huku imeunganishwa kwa waya. Chomoa chaji uhakikishe. Ukinyamaza, hamia Bluetooth. Na kama redio ina tundu la AUX (la kuchomeka waya wa sauti moja kwa moja), FM ya nini?