Kufunga chuo wanafunzi wanapoandamana: niliyoyaona kwenye kamati ya nidhamu

Mleta mada ameuliza kama uongozi wa chuo kikuu una haki ya kuita polisi na kufunga chuo wanafunzi wanapoandamana kwa sababu za kisiasa. Nimewahi kuwa mjumbe wa kamati ya nidhamu katika chuo kimoja cha umma hapa Tanzania, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyaona.

Jambo hili halikuanza jana. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga sheria ya kuwalazimisha wasomi kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa na kukatwa sehemu kubwa ya mshahara. Binafsi naona walikuwa wanatetea masilahi yao tu. Hata hivyo Mwalimu Nyerere aliwajibu kwa njia mbili: alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na akawafukuza wanafunzi zaidi ya 300. La kwanza lilikuwa hoja, tena nzito. La pili lilikuwa adhabu tu, na wengi wao waliruhusiwa kurudi mwaka uliofuata.

Chuo chetu kilipofungwa, tangazo lilibandikwa asubuhi, na kufikia saa kumi jioni mabweni yalitakiwa yawe matupu, huku FFU, yaani polisi wa kutuliza ghasia, wakiwa langoni. Kwa kuwa waliopanga mgomo hawakujulikana, waliadhibiwa wote. Aliyetaka kurudi alijaza fomu ya kuomba radhi, yenye saini ya mzazi na mhuri wa mtendaji wa kata. Nakumbuka fomu ya binti aliyekuwa amelazwa siku ya mgomo: penye nafasi ya kueleza kosa aliandika "Sijui", na wajumbe wenzangu wakaamua arudishiwe aandike upya. Nilipinga, kura hazikutosha.

Anayevunja vioo, au anayemtoa mwenzake darasani kwa nguvu (viongozi wa migomo hawapendi kuulizwa hili), aitwe, asikilizwe na aadhibiwe kwa ushahidi. Lakini kumfukuza mtu kwa sababu tu anaishi bweni moja na wagomaji ni dhuluma, hata kama dai la wagomaji ni la kipuuzi.

Kuhusu polisi, wakishaingia, mlezi wa wanafunzi hana tena kauli juu ya nani akamatwe na kwa kiasi gani cha nguvu. Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kiliwaita tarehe 18 Aprili 2024, siku ya pili tu ya kambi ya mahema ya wanafunzi waliopinga vita vya Gaza. Walikamatwa zaidi ya watu 100, na katika siku chache kambi za namna hiyo zikaenea katika vyuo vingi vya Marekani.