Kwa wanaoanza kuchunguza uharamia na ugaidi

Mtakapopewa faili la kwanza la maharamia wa Kisomali, mtalikuta neno "uhusiano" karibu katika kila ukurasa. Lishukuni. Nimekuwa afisa wa ujasusi kwa miaka mingi, na makosa mazito niliyoyaona, yakiwemo yangu, yalitokana na neno hilo kuachwa bila kufafanuliwa. Mtu anaweza kuhusishwa na al-Shabaab kwa kuwa mwanachama, kwa kutozwa kodi na kundi hilo, kwa kuliuzia dizeli, au kwa sababu tu nduguye wa tumbo moja yumo ndani yake, na kila hali kati ya hizo inadai ushahidi wake.

Tazameni mji wa Harardhere. Mei 2010 wapiganaji wa Hizbul Islam, kundi jingine la Kiislamu lenye silaha, waliingia katika mji huo uliokuwa ngome ya maharamia, na wengi wa maharamia wakakimbia. Baadaye al-Shabaab walipoushika, zikaanza kuja taarifa kwamba wanadai sehemu ya fidia zinazolipwa kukomboa meli na mateka. Kwa kuwa utafiti wa Benki ya Dunia wa mwaka 2013 ulikadiria fidia za miaka ya 2005 hadi 2012 kuwa kati ya dola milioni 339 na 413, hata fungu dogo la fedha hizo ni jambo zito. Hata hivyo, kundi linalotoza makaa na mifugo likimtoza na haramia, halijawa mshirika wake kwa hilo peke yake. Andikeni kodi kuwa kodi, kisha mfuatilie fedha hizo zilinunua nini.

Mimi nilifundishwa hayo na daftari. Tuliletewa picha ya ukurasa wa madeni wa mama mmoja aliyewakopesha maharamia miraa na chai hadi fidia ifike: majina upande wa kushoto, kiasi upande wa kulia, na mstari juu ya kila aliyelipa. Jina moja lilikuwa "Sheikh", na deni lake liliyazidi yote. Nikaandika kwamba tumempata mjumbe wa al-Shabaab. Mkalimani wetu, mwanamke mtu mzima, aliusoma ukurasa ule taratibu, akaniuliza kwa nini mjumbe wa kundi linalokataza miraa akopeshwe miraa kila siku kwa wiki sita. Sheikh lilikuwa jina la utani la mpishi aliyewachukulia walinzi wa meli iliyotekwa mgao wao. Taarifa yangu ilikuwa imeshapelekwa, na kuirudisha kulikuwa kugumu kuliko kuiandika.

Dada zangu, mtatumwa kuzungumza na wake, wapishi na wauzaji wa miraa, kwa kuwa wanaume hawafunguliwi milango hiyo. Nendeni kwa moyo wote, maana hesabu za ufuoni ziko kwa wanawake hao, lakini daini nafasi pia katika kusoma kumbukumbu za hawala, yaani utumaji wa fedha kupitia mawakala, na za simu, msije mkaachiwa mazungumzo tu. Jina la mama aliyewaamini lisionekane katika karatasi yoyote itakayotoka mikononi mwenu.

Haraka ina gharama kubwa. Watu wa kigeni walipotekwa pwani ya Lamu mnamo Septemba na Oktoba 2011, al-Shabaab walilaumiwa mapema, na mwezi huo wa Oktoba majeshi ya Kenya yakaingia Somalia. Mwingereza aliyetekwa Kiwayu alishikiliwa na maharamia, akaachiliwa Machi 2012 baada ya fidia kulipwa. Kisheria pia tofauti ni kubwa: kifungu cha 101 cha Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 kinauhesabu uharamia kuwa tendo la manufaa binafsi, hivyo neno mtakaloandika laweza kubadili mashtaka yenyewe.

Sasa swali la uhusiano wa maharamia na makundi yenye silaha limerudi. Wahouthi wa Yemen waliiteka meli ya Galaxy Leader Novemba 2023, na mwezi uliofuata maharamia wa Kisomali wakaiteka meli ya Ruen. Tarehe kukaribiana si ushahidi wa ushirika, kwani haramia aliyeona macho ya manowari yameelekezwa Bahari ya Shamu hahitaji kuagizwa na mtu. Faili hilo likiwafikia, anzeni na boti: nani alinunua injini, kwa mkopo wa nani, na mkopo huo ulilipwa siku gani.