Mama Amezeeka, Mbwa Bado Kijana

Maswali ya wasomaji kuhusu wanyama wa nyumbani

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 78, ni muuguzi mstaafu, na anaishi peke yake Mikindani, Mombasa, tangu baba alipofariki. Mwaka jana wezi walikata nondo za dirisha la jikoni yeye akiwa amelala, na kaka yangu anayefanya kazi Nairobi akaona dawa ni mbwa. Alimletea mtoto wa mbwa wa miezi mitatu, chotara wa wale mbwa wanaotumiwa na polisi, tukamwita Duma. Siku zile alikuwa akilala ndani ya karai la kufulia nguo. Sasa ana miezi 11, na akisimama kwa miguu ya nyuma, ile ya mbele inafika mabegani mwa mama.

Mama anameza dawa za kufanya damu iwe nyepesi, na goti lake la kushoto ni bovu. Mwezi uliopita alipokuwa akifungua lango, Duma alimrukia kwa furaha, mama akaanguka kwenye ngazi ya baraza, na ngozi ya mkono ikachunika kutoka kwenye kiwiko hadi karibu na kiganja. Damu ilichukua muda mrefu kukatika. Tangu siku hiyo mbwa amefungwa mnyororo chini ya mwarobaini, analia usiku kucha, majirani wanalalamika, na mama mwenyewe halali. Hata hivyo, kila jioni bado anamwekea mchuzi wa vichwa vya samaki, na nikimtajia habari ya kumtoa Duma ananyamaza, kisha anainuka na kuingia ndani.

Watu wawili wamejitokeza kumchukua. Mmoja anajenga jumba la kupangisha huko Bamburi, anataka mbwa wa kulinda saruji na mabati, na amesema atakuja na pikapu siku yoyote tutakayomwita. Mwingine ni binamu yetu wa Mtongwe, mwenye ua mkubwa na watoto wawili wanaosoma shule. Kaka anashauri tumtoe siku ambayo mama amekwenda kliniki, kisha tumwambie kwamba alitoroka. Nafsi yangu inakataa, lakini ninaogopa pia kwamba tukikawia mama atavunjika nyonga. Tufanyeje?

Binti wa Mikindani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nitaanza na lile ambalo nafsi yako imekwisha kulikataa, kwa sababu nafsi yako imesema kweli.

Miaka mingi iliyopita, nilipokuwa bado nikizunguka mitaani kutoa chanjo, nilimhudumia mbwa wa mzee mmoja wa Tudor. Mzee alilazwa hospitalini kwa siku tisa, na aliporudi aliambiwa na wanawe kwamba mbwa amepotea, ingawa walikuwa wamempa mtu. Nilipopita pale baadaye nilimkuta mzee amesimama langoni na sahani ya bati mkononi, akiita jina la mbwa wake kuelekea barabarani, na wanawe wakaniambia kwamba hufanya hivyo kila magharibi. Mtu aliyeambiwa kwamba mbwa wake ametoroka humngoja, na hujilaumu kwamba hakufunga lango vizuri. Mama yako angeomboleza kwa jambo ambalo halikutokea, na siku ambayo angeujua ukweli angekosa imani na watoto wake wawili kwa pamoja.

Kwa hiyo mama ahusishwe tangu mwanzo hadi mwisho. Hata hivyo, kuhusishwa hakumaanishi kwamba Duma abaki. Kwa maelezo uliyonipa, naona mbwa huyu anapaswa kupata nyumba nyingine, na sisemi hivyo kwa sababu ana kosa. Mbwa wa miezi 11 yuko katika umri wa ubalehe: mwili umekwisha kupata nguvu na akili ya kutulia bado inafuata, na kwa mbwa wakubwa kama yeye utulivu huo huja baada ya mwaka mmoja na nusu au miwili. Anaruka kwa sababu alipokuwa mdogo wa kulala karaini kila aliyemwona alimpakata alipomrukia, na hakuna aliyemwambia kwamba sheria imebadilika. Anaweza kufundishwa. Kila anayeingia humgeuzia mgongo akiruka, na humsalimu pale tu miguu yote minne iko chini. Somo hilo linataka mtu anayeweza kusukumwa bila kuanguka, tena kila siku, kwa majuma kadhaa, na mama yako hawezi kuwa mtu huyo. Fikirini pia kwamba mbwa wa aina hii akitunzwa vyema huweza kuishi miaka 10 na zaidi, ambapo mama atakuwa anakaribia 90. Mlimpa zawadi iliyokuwa kubwa kuliko mikono yake, na anayepaswa kumwambia hivyo kwa upole ni kaka yako aliyeileta, wala asimwachie mama aibu ya kudhani kwamba yeye ndiye aliyeshindwa.

Wakati mnajiandaa, mnyororo utolewe leo. Mbwa kijana anayefungwa saa 24 hukusanya nguvu zisizo na pa kwenda, na siku anapofunguliwa huruka mara mbili ya alivyoruka mwanzo, kwa hiyo mnyororo mliouweka kumlinda mama unamwongezea hatari. Tengeni sehemu ya ua kwa waya na mbao, yenye kivuli na maji, ili mama aweze kufika langoni bila kukutana naye. Tafuteni kijana wa mtaani mnayemwamini, mumlipe, amtembeze Duma kwa kamba alfajiri na tena jua linapopungua, kwa sababu joto letu la mchana humdhuru mbwa anayekimbizwa. Mama aendelee kumpelekea mchuzi wake, ila aketi kitini upande wa pili wa waya. Vichwa vya samaki vitolewe miiba, na mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe kabisa, kwani hupasuka vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo.

Sasa niwazungumzie hao wawili. Bwana wa Bamburi simjui, na huenda ni mtu mwema, lakini jengo lina mwisho wake. Saruji ikiisha na wapangaji wakiingia, mbwa atakwenda wapi? Mabawabu wa maeneo ya ujenzi hubadilika mara kwa mara, na mbwa aliyeachiwa watu wanaobadilika huishia kulishwa na yeyote au asilishwe na mtu. Mtu aliye tayari kuja na pikapu siku yoyote bila kuuliza mbwa anakula nini, anaogopa nini, au kama amechanjwa, hunitia wasiwasi.

Binamu yenu ana faida ya kuwa ndugu, kwa hiyo habari za mbwa hazitapotea. Hata hivyo undugu usiwafanye mwone haya kuuliza. Nani anabaki nyumbani mchana? Ua umezungushiwa nini, na una urefu gani? Mbwa atalala wapi mvua za masika zikinyesha? Watoto wana umri gani, na wamewahi kuishi na mbwa? Kuna swali moja ambalo nimeliuliza maisha yangu yote ya kazi na ambalo hunionyesha mengi kuliko mengine: mbwa wako wa mwisho alikufaje? Anayejibu kwamba alizeeka, au aliugua akapelekwa kwa daktari, ni tofauti na anayejibu kwamba hakumbuki, au kwamba waligongwa na magari watatu mfululizo.

Nanyi pia semeni kweli yote. Mwambieni binamu kwamba Duma alimwangusha mama na kwamba analia usiku, kwa sababu mbwa anayetolewa kwa sifa tupu hurudishwa, au hutupwa, siku ya kwanza anapoonyesha tabia yake. Andikianeni karatasi, hata kama ni ndugu, iseme kwamba yasipowezekana mbwa atarudi mikononi mwako wewe binti, na kwamba hatapewa mtu wa tatu bila wewe kujua.

Kabla ya kumkabidhi, tazameni kadi yake ya chanjo. Kichaa cha mbwa bado kinaua watu nchini Kenya, na serikali ilitoa mpango wa 2014 hadi 2030 wa kuumaliza ugonjwa huu kwa binadamu, ambao nguzo yake kubwa ni kuchanja mbwa. Chanjo ya kwanza hutolewa mbwa akifika miezi mitatu, na hurudiwa akitimiza mwaka, kwa hiyo ya Duma inakaribia. Ikiwa hakuwahi kuchanjwa, achanjwe sasa na mngoje majuma matatu ili kinga ikamilike. Ahasiwe pia, apewe dawa ya minyoo, na masikio yake yakaguliwe hadi ndani, kwa maana kupe wa pwani hupenda kujificha humo na huleta homa inayomwondolea mbwa damu polepole. Binamu akikubali kuchangia gharama hizi, mtakuwa mmeona kwamba yu tayari kumgharimia mbwa hata baadaye.

Ninarudi kwa mama. Goti lake lisilazimishwe kwenda Mtongwe. Binamu na watoto waje Mikindani, si mara moja bali mara tatu au nne, wamtembeze Duma huku mama akiwatazama kutoka barazani. Kisha mwombeni afanye kazi ambayo hakuna mwingine anayeiweza. Mama yako amekuwa muuguzi, na muuguzi haondoki wodini kabla ya kukabidhi zamu kwa maandishi. Mpeni daftari, aandike habari za Duma kama alivyokuwa akiandika za wagonjwa wake: anakula saa ngapi, neno gani linamfanya akae, anajificha wapi radi ikipiga, ni mahali gani akikunwa hufumba macho. Hayo anayajua yeye peke yake, na watoto wa Mtongwe watayahitaji usiku wa kwanza. Nina hakika kwamba atainuka na kuingia ndani mara moja au mbili kabla ya kulikubali daftari. Mwacheni, mulirudishe mezani kesho yake.

Siku ya kuhama msafirini asubuhi mapema, mbwa akiwa hajala chakula kizito, na mpitie barabara ya Dongo Kundu ili mumwepushe na msongamano wa kivuko cha Likoni. Aende na kitambaa alicholalia, bila kukifua, maana harufu ya nyumbani humtuliza. Mama amkabidhi kamba binamu kwa mkono wake mwenyewe. Siku za kwanza Duma huenda asile vizuri au akajibanza pembeni, na huchukua majuma kadhaa mbwa kuzoea nyumba mpya, kwa hiyo binamu asimwachie nje ya ua katika muda huo, kwani anaweza kujaribu kurudi Mikindani kwa miguu. Mama apelekwe kumtembelea baada ya mwezi mmoja au miwili. Kabla ya hapo atumiwe picha na sauti yake akibweka.

Kuhusu wezi, mbwa hakuwa dawa ya peke yake. Nondo nene zaidi, taa ya nje inayowaka usiku, na mjukuu au jamaa wa kulala naye vitamlinda mama bila kumwangusha. Nawasihi msimletee mtoto mwingine wa mbwa kumfariji. Akija kutamani mnyama yeye mwenyewe, mtafutieni paka mtu mzima aliyetulia, na Mombasa haijawahi kukosa paka.

SWALI: Daktari, mimi ni Mwislamu wa Kisauni na ninafuga mbuzi. Jirani yangu mzee ameshindwa kumtunza mbwa wake wa mwaka mmoja na ananiomba nimchukue. Mke wangu anasema nyumba yetu itaingia najisi. Je, nimkatalie mzee?

Mfugaji wa Kisauni

JIBU: Ndugu yangu, mkeo ana haki ya kuuliza, na nyote wawili mnaweza kupata njia. Hadithi za Mtume zinazojulikana sana zimemtoa katika katazo mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba, na wewe unafuga. Kwa sisi wa pwani tunaofuata madhehebu ya Shafi, chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo, kwa hiyo mpeni sahani yake mwenyewe na banda lake nje, karibu na zizi, mbali na mahali pa kuswalia. Yatakayobaki mwulizeni imamu wenu, mkeo akiwapo.

Shughuli iliyobaki ni ya mbuzi. Mbwa wa mwaka mmoja asiyezoea mifugo huona kibuzi kinachokimbia kuwa mchezo. Kwa majuma mawili ya kwanza mtembeze kando ya zizi akiwa na kamba fupi, mbuzi wakila kwa utulivu, na akiwakazia macho geuka naye mwende upande mwingine, bila kumpiga. Usiku alale nje ya zizi, si ndani. Mwalike jirani yako aje jioni moja moja kumlisha, kwa sababu mbwa atakubali chakula kwako upesi zaidi akikuona umeketi na mzee wake.