Sungura Wananikimbia, Nifanyeje?

SWALI: Shikamoo Bwana Mifugo. Niliwanunulia wanangu sungura wawili weupe sokoni, hii ni wiki ya pili. Nilitegemea wangecheza nao, lakini wakituona tu wanajibanza kwenye kona ya banda. Binti yangu wa miaka saba akimshika mmoja, anapigwa mateke mpaka mikono imejaa mikwaruzo. Usiku wanagonga ubao, du! du!, hatulali. Baba yao ameshaanza kuulizia viazi vya mchuzi. Nifanye nini watuzoee?
Mama wa wawili, Morogoro

JIBU: Marahaba, mama. Mwambie baba watoto asimenye viazi kwanza.

Tuanze na binti. Hukusema anamshikaje, ila wauzaji wetu wa sokoni nawajua: sungura hutolewa tengani kwa masikio, na mtoto huiga alichokiona. Masikio si mpini. Na hata akibebwa vizuri, sungura ni mnyama wa kuwindwa; kinachomwinua kutoka chini kwa kawaida ni mwewe, na hakuna wa kumweleza kwamba huyu ni binti yako. Teke lake lina nguvu kiasi cha kumvunja uti wa mgongo mwenyewe. Kwa hiyo kwa sasa asibebwe kabisa. Siku ikilazimu, abebwe na mtu mzima: mkono mmoja chini ya kifua, wa pili umebeba makalio, kabanwa vizuri kifuani.

Kuzoeana kunafanyika chini, sakafuni. Ngojeni jioni, maana sungura huchangamka alfajiri na magharibi. Mchana acheni asinzie. Funga mlango wa chumba, tandika mkeka, fungua banda, mkae. Msiwaite, msiwafuate. Binti alale kifudifudi na daftari lake la shule, pembeni kaweka majani ya mchunga au matembele. Atakuja mmoja, kwa kawaida yule mdadisi, shingo kaivuta mbele huku miguu ya nyuma imebaki palepale tayari kwa mbio. Atanusa kidole, atarudi bandani. Hapo ndipo watoto wengi huharibu, wanamdaka! Asidakwe. Kesho atakaa zaidi.

Akishakula mkononi, apapaswe paji la uso kuelekea masikioni. Mkono uje kwa ubavuni. Macho yake yako pembeni ya kichwa, anaona karibu pande zote, lakini hapo mbele ya pua haoni. Kidole kikitokea hapo ghafla, atang'ata kwa kushtuka tu.

Siku akija kusugua kidevu kwenye goti lako, furahi: chini ya kidevu chake pana tezi za harufu, amekuandika kuwa mali yake. Akijitupa chini kwa ubavu kama aliyekata roho, msimmwagie maji, ameridhika huyo. Meno yakisagika polepole anapopapaswa, ni raha. Yakisagika kwa nguvu naye kajikunyata, ni maumivu. Na sungura aliyepitisha nusu siku bila kula chochote apelekwe kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, tumbo lake halistahimili kukaa tupu.

Hizo du! du! za usiku ni mguu wa nyuma, anatoa tahadhari. Kuna kitu amekiona au kukinusa. Mulika tochi uangalie kama paka wa jirani hapiti hapo, kisha usogeze banda palipo salama.

Karoti, naomba, iwe kipande kidogo cha kumbembeleza tu. Ina sukari nyingi. Chakula chake ni nyasi, siku nzima. Na kwa joto la Morogoro, likipita nyuzi 30 mtamwona kalala hataki mtu. Hajanuna. Mwekeeni kivulini chupa ya maji yaliyoganda aiegemee.

Jambo moja hukunitajia: ni dume na jike, au? Neno la muuzaji usilitegemee, mwombe mtaalamu wa mifugo awapindue awaangalie. Mimba ya sungura ni kama siku 31, hivyo wakiwa dume na jike wakikaa banda moja, utaniandikia tena hivi karibuni ukiwa na sungura wanane. Wakiwa madume wawili, wakishapevuka watararuana. Watenganishe kwa wavu mapema, waonane bila kufikiana.