Mkuu, huo ukurasa wa admini wa fayawoli usiufungue kwa intaneti, poti yoyote ile

Usifungue. Poti ni namba ya mlango tu: 8443, 4443, hata ukiweka tarehe ya kuzaliwa ya mama mkwe, ni yale yale. Kuna mitambo inapekua anwani zote za intaneti usiku na mchana, itakukuta tu.

Umeuliza utumie poti ipi ili uingie kwenye fayawoli ya ofisi, kile kifaa kinacholinda mtandao wenu, ukiwa nyumbani, ununue cheti gani ili kivinjari kiache kulalamika, na kama paneli ya antivirusi nayo ipite humo humo. Halafu ukamalizia kwamba nenosiri ni refu na OTP, ile namba ya kutumia mara moja, ipo, kwa hiyo huoni hatari. Hapo ndipo nilipotaka kutupa simu, kwa sababu maneno hayo niliambiwa mimi, nikayaamini.

Aliyeniambia ni fundi wa kampuni iliyotuuzia kifaa. Alitaka atuhudumie akiwa kwenye kiti chake. "Fungua tu upande wa WAN (yaani wa intaneti), nenosiri ni refu." Jamaa ana vyeti vya kujaza ukuta mzima, mimi ni nani nibishe?

Sasa elewa kitu kimoja: nenosiri refu linamzuia anayebahatisha nenosiri. Hawa hawabahatishi. Wanatafuta pale ambapo programu yenyewe inasahau kuuliza. Oktoba 2022 FortiOS, programu ya fayawoli za FortiGate, ilikutwa na dosari iliyopewa namba CVE-2022-40684: unatuma ombi la HTTP lenye heda (maelezo yanayotangulia ombi) zinazodai limetoka ndani ya kifaa chenyewe, nacho kinatii. Novemba 2024 zamu ikawa ya PAN-OS, programu ya fayawoli za Palo Alto, CVE-2024-0012: heda moja ya kuzima ukaguzi, na ukaguzi ukazimika kweli. Ni mwizi kumwambia mlinzi "leo usinikague", mlinzi akapiga saluti. OTP yako hapo haikuulizwa kabisa. Zyxel, watengenezaji wengine wa fayawoli, mwaka 2020 walikutwa na akaunti ya zyfwp iliyofichwa ndani ya programu, nenosiri lake huwezi kulibadilisha. Na hivi vyote ni vifaa vya ulinzi!

Sisi sasa. Tangazo la dosari lilipotoka niliweka toleo jipya usiku ule ule, nikalala nikijiona shujaa. Huo usingizi ndio uliotugharimu kuliko kitu kingine chochote. Toleo jipya linaziba tundu, halimtoi aliyekwisha kuingia. Yeye alishatengeneza akaunti yake ya admini, kaipa jina linalofanana na la huduma ya kawaida, na alishapakua faili zima la mipangilio. Ndani yake mlikuwa na watumiaji wa VPN (njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa nje), pamoja na akaunti ambayo fayawoli inatumia kusoma Active Directory (AD), daftari la akaunti zote za ofisi. Akaunti hiyo, usicheke, ilikuwa Domain Admin, yaani bosi wa domeni nzima, kompyuta na akaunti zote za ofisi. Fundi alisema ndiyo njia rahisi.

Wiki kadhaa baadaye akarudi kwa VPN, kwa jina la mfanyakazi halali. Ukisoma logi, aliingia kistaarabu kuliko wafanyakazi wetu wenyewe. Seva zikafungwa zote na barua ya kudai fidia juu, nakala rudufu nazo zikaenda, maana zilikuwa kwenye domeni ile ile. Waliotuuzia wakajibu kwamba mteja ndiye aliyefungua poti. Barua pepe ya fundi wao ninayo mpaka leo, naisoma nikitaka kupandisha presha.

Usidhani ni mkosi wetu peke yetu. Januari 2025 mafaili ya mipangilio ya FortiGate takriban 15,000 yalimwagwa mtandaoni, yaliibwa tangu 2022. Kwa hiyo aliyeweka sasisho mwaka ule bila kubadilisha manenosiri alikaa uchi miaka miwili na ushee. CISA, wakala wa usalama wa mitandao wa Marekani, Juni 2023, iliziagiza taasisi za serikali kuu: kiolesura cha usimamizi kikionekana kwenye intaneti, mna siku 14 kukitoa au kukiwekea kinga ya kweli mbele yake. Hawakusema ongezeni urefu wa nenosiri.

Kwa hiyo ukurasa wa admini usionekane nje. Basi. Ingia kwa VPN, fika kwenye kompyuta moja ya ndani, hiyo peke yake ndiyo iruhusiwe kuongea na fayawoli. Najua atatokea mtu aseme VPN nazo zinatobolewa. Ndiyo, zinatobolewa, na ndiyo maana nimetaja hiyo kompyuta ya kati.

Jipime hivi: zima Wi-Fi kwenye simu, washa data, andika IP ya nje ya ofisi na poti yake. Kisanduku cha kuingilia kikitokea, funga poti hiyo kwenye fayawoli, kisha kagua orodha ya maadmini, funguo za SSH (za kuingia kwa amri bila nenosiri), watumiaji wa VPN usiowajua, halafu badilisha kila nenosiri lililomo kwenye mipangilio. Na akaunti ya AD ishushe cheo leo hii. Kusoma majina ya watumiaji, akaunti ya kawaida inatosha. Fundi wako akibisha, mwambie aandike kwa barua pepe.